Baba ameacha wosia mbili: upi unasimama?

SWALI: Mheshimiwa Wakili, shikamoo. Mimi ni mtoto wa pili na binti pekee katika familia ya watoto wanne hapa Kahama. Baba yetu, mwalimu mstaafu na Mkristo, alifariki mwanzoni mwa mwaka 2023. Mama alikuwa ametangulia mwaka 2015. Baada ya matanga, kaka yetu mkubwa alitoa wosia uliochapwa kwa wakili mwaka 2009, wenye saini ya baba, ukishuhudiwa na baba mdogo pamoja na mwalimu mwenzake wa zamani. Unasema nyumba ya mjini ni yetu sote wanne, shamba na ng'ombe wa kijijini ni vya wavulana watatu, na kiwanja kimoja ni changu. Siku hiyohiyo kitinda mimba wetu, aliyekuwa akiishi na baba, akaleta daftari la shule lenye wosia wa mwaka 2021, ulioandikwa kwa mwandiko wake yeye mwenyewe, ukiwa na dole gumba la baba, na mashahidi ni mke wake na balozi wa nyumba kumi. Huo unampa yeye peke yake nyumba ya mjini, na hausemi lolote juu ya shamba, ng'ombe wala kiwanja changu. Baba alipata kiharusi mwaka 2020. Kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka mkubwa kuwa msimamizi wa mirathi, akafungua shauri mahakama ya mwanzo, na mdogo wetu akaweka pingamizi. Wakati huohuo anaendelea kupokea kodi za wapangaji. Nimechoka, na rafiki amenishauri niombe mahakama izifute wosia zote mbili ili tugawane sawa. Je, ni ushauri mzuri? Na je, si kweli kwamba wosia wa karibuni hufuta wa zamani?
Dada wa katikati, Kahama

JIBU: Marahaba, dada, na pole kwa msiba wa mzazi na kwa huu mwingine uliozuka nyumbani baada yake. Nitaanza na ushauri wa rafiki yako, kwa sababu ndio wenye hatari kubwa kuliko jambo lolote lililomo katika barua yako, na ni ajabu kwamba katika familia nyingi anayeshauriwa hivyo ni yule ambaye angeumia zaidi ushauri ukifanikiwa.

Wosia zote mbili zikianguka, mali ya baba itagawanywa kana kwamba hakuacha wosia, na hapo hakuna kanuni moja tu kwa Watanzania wote. Ikiamuliwa kwamba mirathi yake inaongozwa na sheria ya mila, mahakama itafungua Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, ambamo warithi wamepangwa kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza, yaani ya mke wa kwanza, yuko daraja la kwanza, wavulana wengine daraja la pili, na mabinti wote, hata wakiwa wakubwa kuliko kaka zao, wako daraja la tatu, lenye fungu dogo na masharti juu ya ardhi ya ukoo. Kanuni hizo zilipelekwa Mahakama Kuu na wajane wawili kutoka mkoa wenu wa Shinyanga, na mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zinabagua lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake ikaitaka Tanzania izirekebishe. Ikiamuliwa, kwa upande mwingine, kwamba mirathi inaongozwa na Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo tuliirithi kwa wakoloni na ambayo mpaka leo hutumika Bara kwa Wakristo walioacha maisha ya kimila, basi watoto wote wanne, wa kiume na wa kike, mtagawana mafungu yaliyo sawa. Kwa hiyo ombi la "futeni zote mbili" linaweza kukupa robo ya kila kitu, na linaweza kukunyang'anya hata kile kiwanja ambacho wosia wa 2009 umekupa kwa jina. Usilitamke mahakamani kabla hujajua uko katika sheria ipi.

Sheria ipi, basi? Wengi hudhani kwamba cheti cha ubatizo kinamaliza hoja, na hakimalizi. Mahakama zetu hutazama namna marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha kwa matendo, maandishi au maneno yake. Katika shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi la mwaka 1969, marehemu alikuwa Mngoni, lakini Mahakama Kuu iliona kwamba maisha yake yalikuwa yamejitenga na mila za kwao, na ikakataa kumrudisha huko baada ya kufa. Baba yenu yuko katikati: mshahara wa serikali, nyumba ya mjini na wosia aliouandaa kwa wakili vinaelekeza upande mmoja, ng'ombe na shamba la kijijini, pamoja na ukoo ambao bado unakaa kikao juu ya mali yake, vinaelekeza upande wa pili. Kusanya mapema ushahidi wa jambo hili: cheti cha ndoa yake, namna mlivyoozwa ninyi watoto, barua zake, ushiriki wake katika mambo ya ukoo, na hasa lugha aliyoitumia mwenyewe katika wosia wa 2009.

Jambo hili linaamua pia kama mko katika mahakama sahihi. Mahakama ya mwanzo ina mamlaka juu ya mirathi inayoongozwa na sheria ya mila au ya Kiislamu tu. Kama sheria inayohusika ni ile ya 1865, shauri linapaswa kufunguliwa katika mahakama ya ngazi ya juu chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, na uamuzi wowote wa mahakama ya mwanzo utatenguliwa kwa kukosa mamlaka, hata kama hakimu aligawa kwa haki kupita kiasi. Nimewaona ndugu waliopigana miaka mingi juu ya mwandiko na dole gumba, wakaja kuambiwa kwenye rufaa kwamba waanze upya mlango wa pili. Hoja ya mamlaka iinuliwe sasa, mwanzoni, na yeyote kati yenu.

Nije kwenye swali lako la pili. Ni kweli kwamba wosia wa karibuni hufuta wa zamani, lakini ni kweli nusu. Kinachofuta wosia halali ni wosia mwingine halali. Karatasi yenye tarehe mpya lakini isiyotimiza masharti ya sheria haifuti chochote, na ule wa zamani hubaki pale ulipokuwa. Hivyo mahakama haianzi kwa kuuliza upi ni wa mwisho. Kwanza inauliza kila mmoja, ukisimama peke yake, kama ni wosia. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeuleta: kaka yako athibitishe wa 2009, mdogo wako athibitishe wa 2021.

Tuupime ule wa daftari kwa sheria ya mila. Mwenye wosia anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja mtu wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mashahidi wasiwe watu wanaorithi. Wosia uwe na tarehe na uandikwe kwa wino usiofutika. Balozi anaweza kupita kama mtu baki. Lakini ni nani hapo mtu wa ukoo? Mke wa mdogo wenu, kwa desturi za kwenu, ni wa ukoo wa baba yake mzazi, naye analala katika nyumba inayogombaniwa. Nina shaka kubwa kwamba hakimu atamhesabu kuwa shahidi wa ukoo asiye na maslahi. Ule wa 2009, kinyume chake, una baba mdogo na mwalimu mwenzake, yaani mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, na wote wawili hawakuachiwa kitu. Aliyeuandaa alijua alichokuwa akifanya.

Kwa sheria ya 1865 mambo yanageuka kwa namna ambayo mdogo wenu pengine hajaambiwa. Sheria hiyo inataka mashahidi wawili tu walioshuhudia mwenye wosia akiweka saini au alama yake, bila kujali ukoo, na dole gumba linakubalika. Kwa hiyo daftari lingeweza kupita. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inasema kwamba zawadi aliyopewa shahidi, au mume au mke wa shahidi, ni batili, ingawa wosia wenyewe unabaki halali. Mke wake alishuhudia. Basi mume hawezi kuichukua nyumba kwa wosia huo. Angemwita jirani yeyote atie saini, hoja hii isingekuwapo. Na kwa kuwa daftari halina maneno yoyote ya kuufuta wosia wa 2009, wakili wenu atakuwa na hoja nzito ya kusema kwamba nyumba inarudi palepale ilipoandikwa mwanzoni: kwenu ninyi wanne.

Tusisahau kiharusi. Ugonjwa peke yake haubatilishi wosia. Mtu aliyepooza mkono anaweza kuwa na akili timamu kuliko wazima wanaomzunguka. Kinachotakiwa ni kwamba wakati ule alielewa anafanya wosia, alizijua mali zake kwa ujumla wake, na aliwakumbuka watu waliostahili kufikiriwa. Tafuteni kumbukumbu za hospitali za mwaka 2020 na 2021, na watu waliozungumza naye miezi ileile: mchungaji, mwuguzi, mwenzake wa kupokea pensheni. Lakini kuna jambo linaloongeza uzito hapa, nalo ni kwamba aliyeshika kalamu ndiye aliyepewa nyumba. Sheria haimkatazi kuandika kwa niaba ya mzazi. Inamtaka aondoe shaka inayozaliwa na hali hiyo, aonyeshe kwamba mzee alisomewa, akaelewa, na akaridhia bila shinikizo. Balozi ndiye shahidi muhimu wa shauri lote. Aulizwe kama alimsikia mzee akisema maneno hayo kwa kinywa chake, au aliitwa tu kuweka saini chini ya ukurasa uliokwisha kuandikwa. Mtaalamu wa alama za vidole anaweza kuitwa pia, ingawa atathibitisha kidole ni cha nani, hatathibitisha nia ilikuwa ya nani.

Tuseme daftari limeshinda kila kitu. Hata hapo halifuti wosia wa 2009 wote. Linagusa nyumba peke yake. Shamba, ng'ombe na kiwanja chako havimo ndani yake, na palipo na wosia mbili zisizofutana kwa maneno, mahakama huzisoma pamoja na kuupa wa pili nguvu pale tu unapopingana na wa kwanza. Kiwanja chako, kwa maneno mengine, hakijatishiwa na mdogo wako hata kidogo. Kinatishiwa na ombi lile la rafiki yako.

Muulize kaka mkubwa swali moja la haraka: anayo nakala halisi ya 2009 au kivuli? Kama ile halisi ilikuwa mikononi mwa baba na sasa haionekani, mdogo wenu atadai kwamba mzee aliichana mwenyewe ili kuifuta, na dai hilo si la kupuuzwa. Kama ilihifadhiwa kwa wakili au RITA, wakala wa serikali unaotunza wosia, dai hilo linakosa miguu.

Msomaji mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini watoto wa mwimbaji Aretha Franklin wa Marekani walishinda kwa daftari, naye alidhani ndivyo ilivyo kila mahali. Franklin alifariki Detroit mwezi Agosti 2018, na mwaka uliofuata yakapatikana maandishi ya mkono wake nyumbani: ya mwaka 2010 yaliyokuwa yamefungiwa kabatini, na ya mwaka 2014 katika daftari lililokutwa chini ya mito ya kochi. Mwanawe mmoja alisimamia yale ya 2010. Wengine wawili wakasimamia yale ya 2014. Julai 2023 baraza la wazee wa mahakama huko Pontiac, jimbo la Michigan, lilichukua muda usiofika saa moja kuamua kwamba la kwenye kochi lilikuwa wosia halali. Lakini sheria ya jimbo lile inaukubali wosia ulioandikwa kwa mkono wa marehemu mwenyewe hata bila mashahidi. Ya kwetu haikubali, na zaidi ya hayo daftari la Kahama halikuandikwa na mkono wa marehemu.

Kuhusu kodi za wapangaji: hakuna anayeruhusiwa kukusanya mali ya marehemu kama yake kabla msimamizi hajateuliwa, na mdogo wenu atawajibika kutoa hesabu ya kila shilingi. Ombeni mahakama iamuru kodi iwekwe kwenye akaunti maalumu hadi shauri liishe. Mkiliomba kwa upole, huenda hata yeye akakubali. Kikao cha ukoo nacho kina kazi ya kupendekeza msimamizi, na muhtasari wake husaidia, lakini hakina uwezo wa kufuta wosia wala kugawa nyumba. Na kaka mkubwa akumbushwe kwamba msimamizi si mmiliki: akiteuliwa na mahakama ya mwanzo ana miezi minne ya kuwasilisha orodha ya mali na madeni, na katika mahakama za juu ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu za mwisho.

Wewe, dada, ingia katika shauri kwa jina lako, usisubiri kuwakilishwa na kaka yeyote. Msimamo wako uwe kwamba unaunga mkono wosia wa 2009, na kwamba iwapo nao utaanguka, unaomba ugawaji ufuate sheria ya 1865 kwa sababu ya maisha ambayo baba aliishi. Kwa msimamo huo unakilinda kiwanja na robo yako ya nyumba, na huachi mlango wa daraja la tatu wazi. Mkipatana njiani, andikeni mapatano yenu, msaini wote wanne, na myawasilishe mahakamani yawe amri. Mapatano ya sebuleni huvunjika siku mpangaji wa kwanza anapolipa.

SWALI: Assalaam alaykum. Marehemu baba yetu aliacha wasia mbili zenye mashahidi. Wa mwaka 2012 unampa nyumba ya Ngamiani kaka yetu wa mke mkubwa. Wa mwaka 2019 unampa nyumba ileile mdogo wetu wa mke mdogo. Wake wote wawili wako hai. Tufuate upi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Wa alaykumu s-salaam. Hapo msihangaike na tarehe, kwa sababu hakuna hata mmoja unaowafunga. Katika sheria ya Kiislamu, inayotumika katika mirathi yenu, hakuna wasia kwa mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie baada ya kifo, nao wawe watu wazima wenye akili timamu. Hao wawili ni watoto wa marehemu, wana mafungu yao tayari. Bila ridhaa hiyo, nyumba inaingia katika mirathi: zilipwe kwanza gharama za mazishi na madeni, kisha wake wawili wagawane thumuni moja kati yao, na kinachobaki, ikiwa warithi wengine ni watoto tu, kiende kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja.

Wasia una nafasi yake kwa asiyerithi, kama mjukuu mwenye baba aliye hai, jirani au msikiti, na hapo mpaka ni theluthi ya mali. Kama kitu kimoja kimeusiwa kwa watu wawili wa namna hiyo kwa nyakati tofauti, na marehemu hakusema kwamba amerejea katika wasia wa kwanza, basi kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, wanakigawana.

Kabla hamjaenda kwa kadhi au mahakama ya mwanzo, mwulizeni kaka yenu jambo moja: mwaka 2012 aliahidiwa nyumba, au alikabidhiwa? Kama baba akiwa hai na mzima alimpa funguo, akamwachia kodi na kumbadilishia hati, hiyo ni hiba hata kama karatasi imeandikwa "wasia", na hiba iliyokamilika isiyorejeshwa na mtoaji akiwa hai haimo tena katika mali ya kurithiwa. Mashahidi wa makabidhiano hayo, risiti za kodi ya jengo na mikataba ya wapangaji ya kuanzia mwaka huo vina thamani kuliko wasia zote mbili.